Safari ya Kwanza Magara: Neno Linapofika Shambani

Kutoka Kigoma mjini hadi Manyovu ni kilomita 60 hivi za lami, barabara inayopanda milima ya Kalinzi katikati ya migomba na kahawa. Ukivuka mpaka unaingia Mugina, upande wa Burundi, na wala huhisi kwamba umekwenda mbali. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na pale vinapopishana Kiswahili huingia kati. Pamoja na ukaribu huo, nilikuwa sijawahi kuvuka. Burundi niliijua kwa watu wake tu, wale waliokaa kwetu wakiwa wakimbizi, tukasoma nao na kusali nao, kisha wakarudi kwao.

Mmoja wao ndiye aliyenialika Magara. Alizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia nchi yao mwaka 1972. Tulikutana sekondari, tukaimba kwaya moja. Mwaka 2008 alirudi Burundi pamoja na mama yake na kaka yake, na leo ni mzee wa kanisa katika ushirika wa Kipentekoste kando ya Ziwa Tanganyika. Kila tulipoongea kwa simu alinisihi: "Kaka, njoo uone tunavyoishi. Ya simu hayatoshi."

Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Kwa miaka mingi nimeongoza darasa la Biblia kanisani kwetu, na jambo moja limekuwa likinisumbua. Tunazo aya za kila kitu. Mtu akifiwa tuna aya, akioa tuna aya, akijenga tuna aya. Lakini ukienda kwenye baraza la ardhi, kesi za mipaka na viwanja zimejaa watu wanaokaa benchi moja Jumapili. Nilitaka kuona mahali ambapo Neno lilifika shambani likafanya kazi. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa mama wa rafiki yangu lilifika.

Mugina nilipanda Probox, zile teksi ndogo za kuchangia zinazobeba watu, magunia na kuku kwa pamoja. Mafuta ya gari yalikuwa ya shida, kama yalivyo Burundi miaka hii, hivyo tulisubiri sana kabla dereva hajapata ya kututosha. Tukateremka kupitia Mabanda hadi Nyanza-Lac, na hapo ziwa likafunguka upande wa kushoto. Ni ziwa lilelile ninaloliona kila siku Kigoma, ila huku barabara inalifuata kwa karibu, na kulia milima inainuka ghafla. Tulipita msitu wa Kigwena, kipande kidogo cha pori la asili kilichosalia kwenye tambarare hii, kisha ikaanza michikichi. Michikichi kushoto, michikichi kulia, hadi Rumonge.

Rumonge ni mji wa Kiswahili. Sokoni watu wanapatana bei kwa Kiswahili, misikiti inaadhini, na mafuta ya mawese yanapangwa kwenye madumu ambayo wenyewe huyaita bidoni. Ndagala wamekaushwa juani, mikeke imebanikwa moshini. Miaka ya karibuni ziwa limepanda likameza nyumba za ufukweni, na kuta zake bado zinaonekana zikiwa zimesimama majini.

Kwa Mkristo, mji huu una uzito wa pekee. Ni hapa ambapo Wamisionari wa Afrika, wale mapadri waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifungua misheni ya kwanza ya Burundi mwaka 1879. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 padri Toussaint Deniaud, padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa na Wabikari, wenyeji wa hapo, katika ugomvi juu ya mtoto aliyekuwa akilelewa misheni. Wapentekoste kutoka Sweden walifika baadaye sana, wakaanzia Kiremba, huko milimani Bururi, mwaka 1935. Makanisa hayo yote yamekita mizizi, na leo ni vigumu kupata mlima wa Burundi usio na kengele au ngoma ya Jumapili.

Lakini ufukwe huu huu ndio ulioonyesha kwamba nchi inaweza kujaa makanisa na bado ikajaa damu. Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi walianza mashambulizi Rumonge na Nyanza-Lac, wakawaua Watutsi. Jeshi la serikali likajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, yaliyodumu kwa miezi na kuchukua watu wasiohesabika kwa urahisi. Makadirio mengi yanaanzia 100,000. Waliouawa na waliowaua walikuwa wamebatizwa, wengi wao kwenye visima vilevile vya ubatizo. Padri Michel Kayoya, mshairi na mwanafikra, naye aliuawa Mei hiyo.

Kutoka Rumonge barabara moja inapanda kwenda Bururi. Dereva aliinyooshea kidole akasema neno moja tu: "Buta." Mkristo yeyote wa ukanda huu anajua maana yake. Tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia seminari ndogo ya Buta alfajiri, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale walikataa kutengana. Waliuawa 40, na wamezikwa bega kwa bega. Warundi wanawaita mashahidi wa udugu. Huko huko milimani, Buyengero, mapadri wawili Wataliano, Ottorino Maule na Aldo Marchiol, pamoja na mlei Catina Gubert, waliuawa tarehe 30 Septemba 1995. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenyeheri Kayoya na wenzake 68, na hawa watatu wamo humo.

Tulipita pia Minago, mahali alipopigwa risasi Askofu Mkuu Michael Courtney, Mwairishi, balozi wa Papa, tarehe 29 Desemba 2003, akiwa njiani kurudi Bujumbura. Alikuwa mtu wa kutafuta amani kati ya serikali na waasi. Abiria wengine waliendelea na mazungumzo yao ya bei ya mihogo. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba kipande hiki kifupi cha barabara kina watu wengi waliolipa Neno kwa maisha yao.

Magara iko kaskazini zaidi, mahali milima inapousogelea ufukwe hadi nafasi ya kulima inakuwa nyembamba. Juu ni mihogo na migomba kwenye miteremko mikali; chini ni michikichi na mitumbwi. Masika yakiwa makubwa udongo huteremka. Mwaka 2015 maporomoko yaliipiga Gitaza, jirani na hapa, yakakata barabara ya Bujumbura. Rafiki yangu alinipokea kituoni, tukakumbatiana. "Karibu nyumbani, kaka. Mama anakusubiri tangu asubuhi."

Mama yake ni mjane, mtu mzima sana, mwembamba, mwenye Kiswahili cha Tabora kisichochuja. Nilimsalimu "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba mwanangu" kwa furaha ya mtu ambaye hajaisikia salamu hiyo kwa siku nyingi. Ukutani mwake, juu ya kirafu, kulikuwa na Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya mwaka 1952, iliyosafiri naye kutoka Ulyankulu. Jalada lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi wa nyavu.

Jumapili tulikwenda kanisani. Masomo yalisomwa kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya ushirika ni watu waliokulia Tanzania. Mchungaji alihubiri kutoka waraka wa Yakobo, pale anapomfananisha msikiaji asiyetenda na mtu anayejitazama kwenye kioo kisha akasahau sura yake. Mahubiri yalikuwa mafupi. Kisha, kabla ya Meza ya Bwana, alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwetu. Aliwakumbusha agizo la Yesu katika Mathayo sura ya 5, la kuacha sadaka madhabahuni kwanza na kwenda kupatana na ndugu, akakaa kimya. Akasubiri. Kwaya haikuimba.

Baada ya muda mwanamke mmoja aliinuka, akavuka upande wa pili, akamgusa mwenzake begani, wakatoka nje. Rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba ilikuwa deni la ndagala lililokuwa limelala tangu mwezi uliopita. Waliporudi walikaa mabenchi tofauti kama mwanzo, bila kukumbatiana na bila machozi. Lakini wote wawili walishiriki Meza. Nililiona hilo kuwa ibada kamili.

Kesho yake walinipeleka shambani. Hilo ndilo lililonileta.

Hadithi ya shamba lile ni hadithi ya maelfu ya mashamba ya ufukwe huu. Familia zilipokimbia 1972, ardhi yao haikubaki tupu. Nyingine iligawiwa watu wengine na viongozi, nyingine ikaingizwa katika mashamba makubwa ya michikichi. Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya wakimbizi 50,000 wa kundi hilo walirudi kutoka Tanzania, huku wenzao zaidi ya 162,000 wakichagua kubaki, wakapewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Waliorudi walikuta nyumba za watu kwenye viwanja vya baba zao. Waliozikalia nao hawakuwa na pa kwenda; wengi walizaliwa hapo.

Serikali ya Burundi ilikuwa imeunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine mwaka 2006. Chini ya kiongozi wake wa kwanza, padri Astère Kana, tume ilielekea kuwashawishi watu wagawane. Baada ya 2011, chini ya padri Sérapion Bambonanire, mwelekeo uligeuka: mwenye asili arudishiwe shamba lake lote. Mapadri wawili, Injili moja, njia mbili. Kila njia iliwafurahisha wengine na kuwaliza wengine, na mimi simhukumu hata mmoja.

Mama huyu alipofika na wanawe, shambani mwao palikuwa na familia ya Kikatoliki. Baba wa familia ile alipewa ardhi hiyo na viongozi miaka ya sabini, akapanda michikichi, akafa, akamwachia mwanawe. Huyo mwana ndiye jirani niliyemkuta, mzee wa mvi sasa. Alinieleza bila kuficha: "Mimi sikuiba. Baba yangu hakuiba. Lakini tulikula cha mtu, na mwenyewe alikuwa kambini anakula cha kupimiwa." Alisema kanisani kwao ilisomwa habari za Zakayo, aliyemkaribisha Yesu nyumbani na kuinuka kutangaza kwamba nusu ya mali yake anatoa kwa maskini, na aliyemdhulumu atamlipa mara nne. Padri alihubiri juu ya huruma ya Yesu. Yeye alibaki kwenye neno nusu. Akaenda kwa Bashingantahe, wale wazee wanaoaminiwa kuamua na kupatanisha, akawaambia kwamba yuko tayari kutoa nusu ya shamba kabla hajashtakiwa.

Siku ya kugawa, wazee walitaka kupiga kura. Mama akakataa kura. Akasema jirani achague kwanza. Alikuwa na Abrahamu akilini, katika Mwanzo sura ya 13, alipomwambia Lutu, mwana wa ndugu yake, atazame nchi na kuchagua upande autakao, ingawa yeye Abrahamu ndiye mkubwa na ndiye aliyeahidiwa nchi. Jirani akachagua tambarare ya chini, yenye michikichi aliyoipanda baba yake. Mama akabaki na mteremko wa juu, wenye mawe.

Nilimwuliza mama kwa nini hakuchagua yeye, maana haki ilikuwa yake. Alicheka kidogo akasema, "Mwanangu, ningechagua mimi, usiku ningekesha nikijiuliza kama nimemdhulumu. Nimelala kambini miaka 36. Nilitaka kulala."

Tume ilipofika ilikuta wamekwisha gawana, ikaandika. Lakini hadithi haikuishia hapo, na ningekuwa mwongo kama ningeisimulia kana kwamba iliishia hapo. Sera ilipogeuka, kaka mkubwa wa rafiki yangu aliona kwamba wangefungua kesi upya wangepata shamba zima. Kwa sheria ya wakati ule alikuwa na hoja. Mama alikataa, na kaka hajaridhika hadi leo. Tulimkuta juu mteremkoni anachimbua mawe kwa mtaimbo, watoto wake wakiyapanga kuwa ukuta wa kuzuia udongo. Alinipa mkono, akaniambia kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Ndugu, Abrahamu alikuwa na ng'ombe wengi. Mimi nina watoto watano na haya mawe."

Sikuwa na jibu, na sidhani lilihitajika. Rafiki yangu ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa mdomo. Michikichi michache ya upande wao iliyoko pembeni penye udongo mzuri ni fungu lake. Mavuno yake humpa kaka yake. Alinieleza kwamba alikuwa upande wa mama katika uamuzi ule, kwa hiyo haikuwa sawa kaka peke yake abebe gharama ya imani ya wote.

Siku hiyo walikuwa wanakamua mawese. Pipa na mashine ya kukamulia ni za jirani, kuni ni za mama, kazi ni ya nyumba zote mbili. Mikungu ilikuwa imekatwa siku zilizotangulia na kuachwa ilegee, chikichi zikapukutishwa na kuchemshwa kwenye pipa hadi zikaiva. Vijana wawili, mmoja kutoka kila nyumba, walisukuma mti wa mashine kwa kuizunguka, na mafuta mekundu yakatiririka yakiwa na maji na uchafu. Yalichemshwa tena, yakaenguliwa, yakaachwa yatulie. Mise, yaani kokwa za chikichi, ziliwekwa kando. Zitapasuliwa baadaye kwa ajili ya mafuta ya sabuni.

Mke wa jirani ndiye mpimaji. Mchuuzi kutoka Bujumbura alikuwa anasubiri, anaharakisha, anataka kujaziwa bidoni wakati mafuta bado yana moto. Mpimaji alikataa. Mafuta ya moto yamevimba na mashapo hayajashuka. Ukipima wakati huo mnunuzi anafika na bidoni pungufu lenye matope chini. Mchuuzi mwenyewe alisema hajali, yeye naye atauza hivyohivyo. Alijibiwa, "Mimi najali anayenunua kwako." Akasubirishwa hadi mafuta yalipopoa. Agizo la vipimo vya haki limo katika Mambo ya Walawi sura ya 19, na sijawahi kulisikia likihubiriwa vizuri zaidi ya pale.

Jioni, nikitazama milima ya Congo ng'ambo ya ziwa, nililipanga moyoni nililoliona. Jirani alisoma habari za Zakayo, mama akasoma habari za Abrahamu. Kila mmoja aliichukua aya inayomdai yeye. Fikiria kama wangebadilishana. Mama angemshikia jirani Zakayo: rudisha, tena mara nne. Jirani angemshikia mama Abrahamu: wewe ni mtu wa imani, achilia. Aya zingekuwa zilezile, zote za kweli, na wangekuwa mahakamani hadi leo. Maandiko yanapotumiwa kumdai mwenzako yanageuka silaha. Tumeyaona hayo kwa macho kwenye ukanda huu.

Kwa hiyo nawaambia wahubiri wenzangu jambo hili kwa upendo. Tusimhubirie msamaha aliyeporwa tukamwacha aliyekalia shamba akiitikia amina. Huko ni kulikata Neno nusu, na nusu hiyo humwumiza aliyekwisha umia. Msamaha ni wa aliyekosewa kuutoa. Kurudisha ni kwa aliyenufaika. Kanisa lina kazi ya kuwafikishia wote wawili sehemu zao. Na wale wanaobeba gharama bila kuichagua, kama kaka wa rafiki yangu, wasihubiriwe kabisa mpaka kwanza wasaidiwe kubeba.

Nilirudi Kigoma kwa njia ileile, kupitia Rumonge na Mugina. Darasa langu la Biblia nimelibadilisha. Sasa tukimaliza kusoma, kila mmoja anataja sehemu inayomdai yeye, na ni marufuku kutaja inayomdai mwingine. Mazungumzo yamekuwa mafupi, lakini mipaka miwili ya viwanja imekwisha rekebishwa bila baraza.

Nawe msomaji, huna haja ya kwenda Magara. Kama kuna hatua moja ya ardhi uliyomsogelea jirani, deni unalojua hajalisahau, kipimo unachokijaza kikiwa na moto, au ndugu anayebeba peke yake gharama ya uamuzi wenu wote, aya yako unaijua tayari. Itende kabla ya Jumapili ijayo, ndipo uende kuabudu.